Pori la Karatu, Pori la Ngorongoro

Tafuta picha za Karatu mtandaoni uone utakachopewa. Simba. Nyumbu ndani ya kreta ya Ngorongoro, wingu limelalia ukingo. Bwawa la kuogelea la hoteli, limepigwa jioni kwa pembe iliyochaguliwa vizuri ili ukuta usionekane, wala kilichoko nyuma ya ukuta. Mji wenyewe, ambao magari ya watalii yanaupita kutwa yakielekea geti la Lodoare, umebaki jina la kituo tu: mahali pa kulala kabla ya kwenda kwenye picha yenyewe.

Mimi nataka tubaki hapo nyuma ya ukuta. Ukiiacha lami ukatembea kidogo, mji unaanza kulegea. Kuna mashimo yaliyochimbwa udongo mwekundu wa matofali, na masika yakija yanajaa maji na vyura. Kuna matanuru, mengine yanafuka moshi, mengine yameshabomolewa yamebaki majivu na vipande vilivyoungua kupita kiasi. Kuna korongo linalomega shamba la mtu kila msimu wa mvua. Na kuna mapagale: kuta zimefika kwenye lenta zikaishia hapo, nondo zimechomoza, mpapai umeota sebuleni. Juu ya ukuta rangi nyekundu imeandika: KIWANJA HIKI HAKIUZWI.

Panavutia. Nalisema mapema kwa sababu mtu akielekeza kamera kwenye pagale, wengi wetu tunakimbilia kuuliza kwa nini anatuaibisha. Lakini hebu tuseme ukweli: video za Bongo Fleva, hasa za wana-hip hop, zimechezwa ndani ya mapagale miaka na miaka, na hakuna aliyewafundisha vijana kwamba zege tupu na dirisha lisilo na fremu vina mwanga mzuri. Waliona wenyewe. Uzuri huu hatujauletewa na mgeni.

Unatoka wapi basi? Kwa upande mmoja unatokana na uhuru wa jicho. Ukifika ukingoni mwa Ngorongoro, pa kusimama pameshaandaliwa, gari linasimama penyewe, na picha unayopiga umeshaiona mara mia kabla hujatoka nyumbani. Unathibitisha tu kwamba umefika. Kwenye mashimo ya udongo hakuna aliyekwambia usimame wapi. Unazunguka, unachutama, unaharibu picha kumi. Jicho linapata kibarua.

Wamarekani walishalipitia hili. Mwaka 1975, kwenye jumba la George Eastman House mjini Rochester, yalifanyika maonyesho yaliyoitwa New Topographics. Badala ya milima na maporomoko, ukutani zilitundikwa picha za maghala, maegesho na nyumba mpya za kufanana. Mmoja wa wapiga picha hao, Robert Adams, alikuwa ametoa mwaka mmoja kabla kitabu cha vitongoji vya Colorado vilivyoko chini ya milima ya Rocky, milima ileile ambayo wenzake walikuwa wakiipiga kana kwamba chini yake hakuna anayeishi. Nikizitazama picha zake huwa naikumbuka Karatu: mlima maarufu kwa nyuma, na mbele yake nyumba za watu.

Ila tofauti ni kubwa, na imejificha ndani ya neno letu moja: pori. Kiwanja kisipojengwa tunasema kimekuwa pori, na hiyo ni lawama. Mwenye hati anakumbushwa masharti ya uendelezaji, na asipoyatimiza anaweza kunyang'anywa miliki. Lakini serikali hiyohiyo ina Mapori ya Akiba na Mapori Tengefu, na huko pori ni sifa. Mwaka 2022 zaidi ya kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilitengwa kuwa Pori la Pololeti. Kwa hiyo Karatu kosa lako ni kuliacha pori, na mwendo mfupi kutoka hapo kosa lako ni kulikalia. Neno ni moja. Kilichobadilika ni nani anatazama, na anatazama kwa ajili ya nani.

Mtazamo huo wa pili una wazazi wanaojulikana. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti na Ngorongoro kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, wakatengeneza filamu iliyotoka mwaka 1959 na kupata Oscar mwaka 1960. Michael alikufa kwenye ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Yeye na baba yake wamelala ukingoni mwa kreta, chini ya mnara wa mawe. Ni filamu nzuri, sitabisha. Lakini imezoea kutazama kutoka angani, na kutoka angani boma la Mmaasai ni doa. Grzimek mzee hakuficha msimamo wake kwamba watu hawapaswi kuishi ndani ya hifadhi ya taifa. Mwaka uleule wa 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti, na Ngorongoro ikaanzishwa kama hifadhi ambamo wangeendelea kuishi. Katikati ya miaka ya 1970 waliokuwa wakiishi chini, ndani ya kreta, wakatolewa. Tangu Juni 2022 familia zinahamishiwa Msomera, Handeni, mkoa mwingine kabisa. Serikali inasema ni kwa hiari, wakazi wengi wanasema siyo. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyofukuza watu. Nasema picha ya mahali patupu ilitangulia, na pamekuwa pakisogezwa kuifanana picha tangu hapo.

Ndiyo maana kazi ya Nick Brandt inanisumbua. Huyu ni Mwingereza aliyekuja Tanzania mwaka 1995 kuongoza video ya "Earth Song" ya Michael Jackson, akaipenda Afrika Mashariki, akarudi kupiga wanyama kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kwenye Inherit the Dust, kitabu cha 2016, alichapa picha za tembo, twiga na simba kwa ukubwa wao halisi, akazibandika kwenye mabango, akayasimamisha Kenya mahali ambapo wanyama hao waliwahi kupita: machimbo ya mawe, majalala, chini ya daraja la barabara. Halafu akapiga picha bango pamoja na watu wanaoendelea na shughuli zao kana kwamba hawalioni.

Ukisimama mbele ya picha hizo unanyamaza. Machimbo yana ngazi za kivuli ambazo mchoraji angezionea wivu, na anga ni zito. Brandt anajua, kuliko wapiga picha wengi wa wanyamapori, kwamba pembezoni mwa mji pana ukuu wake. Lakini tazama tena nani ana sura. Tembo amepigwa kama mzee wa ukoo, kila kunjo la ngozi linahesabika. Binadamu ni umati ulioinama. Mnyama ndiye marehemu wetu, na waliobaki wamekuwa vumbi lenyewe lililotajwa kwenye jina la kitabu. Mvunja kokoto akilitazama lile chimbo anaona tripu za lori, bei, na bega linalouma. Kwa Brandt chimbo hilo ni mahali ambapo twiga hayupo, basi.

Na maombolezo hayo hata Karatu hayafai, kwa sababu ndogo tu: tembo yupo. Anashuka usiku kutoka msitu wa Ngorongoro anakula mahindi, na mwenye shamba anakesha na tochi. Huwezi kusimamisha bango la marehemu kwenye uwanja ambao marehemu ameacha nyayo asubuhi hii.

Mlinganishe na Sammy Baloji wa Lubumbashi. Kwenye mfululizo wake Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua picha za viwanda na machimbo ya Gécamines yaliyochakaa, akapandikiza juu yake watu kutoka picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni wa Wabelgiji. Ukifikiria, ni mbinu ya Brandt, na Baloji alimtangulia kwa karibu miaka 10: mahali palipotelekezwa, na ndani yake amewekwa asiyekuwepo. Ila Baloji amemrudisha mfanyakazi. Yule aliyesimama mbele ya lile rundo jeusi la taka za madini ndiye aliyelibeba. Ghafla mahali pale si pa ukiwa tena, pana mtu anayepadai. Kwangu hiyo ndiyo picha iliyotazama mpaka mwisho.

Sisi wenyewe tumefanya nini? Pembeni ya barabara ya Karatu maduka ya vinyago yanauza michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, akauza kwa wazungu wa Oysterbay, na kufikia 1972 alikuwa ameshakufa, risasi ya polisi. Alichora mnyama kwenye rangi tupu: hakuna nyasi, hakuna njia, hakuna nyumba. Sitamlaumu, aliuza kilichonunuliwa. Ila ni ajabu kidogo kuona turubai hizo zimeanikwa kwenye uzio, na nyuma yake, mita chache tu, kuna tanuru linafuka ambalo hakuna aliyewahi kulichora.

Anayetaka kuipiga Karatu aanze na kusoma. Yale maandishi mekundu, kwa asiyejua Kiswahili, ni pambo la ukutani. Kwa sisi ni kesi: ndugu wanagombea, au tapeli ameshauza mara mbili. Pagale la vyumba 12 linaloonekana kama gofu la kale laweza kuwa hoteli iliyokatiwa pumzi mwaka 2020, watalii walioingia nchini waliposhuka kutoka takriban milioni 1.5 hadi kama 620,000. Mwenyewe anakuja kila mwezi wa 12 kulitazama. Sijaona bado mfululizo wa picha uliomngoja huyo mtu afike.

Juu ya mji, ndani ya msitu wa hifadhi, kuna mapango ambako tembo wanachokonoa udongo kwa pembe ili walambe madini. Mgeni analipia apelekwe na askari mwenye bunduki kuyaona, na anayapiga picha kwa heshima zote. Mashimo ya wafyatua matofali yako chini kidogo, hayana kiingilio, na saa kumi na moja jioni mwanga unaingia mpaka ndani.