Kiasi cha Kiberiti

Ndoo iko nyuma ya nyumba, imefunikwa kwa gunia lililoloweshwa. Ndani yake kuna kahawa iliyomenywa juzi alasiri kwa mashine ya mkono: punje zimevuliwa ganda lao jekundu, lakini bado zimevaa ute unaoteleza. Bibi anafunua gunia, anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa konzi ya punje na kuzisugua katikati ya viganja. Anainamisha kichwa kusikiliza. "Bado," anasema, kisha anafunika tena.

Ni mwezi wa saba kwenye milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, na baridi ya asubuhi haijaondoka. Baridi hiyo ndiyo inayoamua mwendo wa kazi. Ute ambao mahali pa joto ungeachia kwa siku moja, hapa huweza kushikilia siku mbili, hata tatu. Ndiyo maana Bibi hahesabu saa, anasikiliza. Ute ukiwepo, punje huteleza kimya. Ukiisha, hukwaruzana kama changarawe za mtoni, na sauti hiyo ndiyo inayomwambia afunue ndoo na kuosha.

Hatua hii huitwa kuvundika. Vijidudu vidogo visivyoonekana vinakula sukari ya ute na kuulegeza. Kazi yao ni njema ikikatizwa kwa wakati wake. Sukari ikiisha na hewa ikikosekana, vijidudu vya aina nyingine huingia na kuanza kuvunja protini. Katika protini kuna salfa, yaani kiberiti, na salfa hiyo ikifunguliwa pasipo hewa huungana na haidrojeni na kuwa gesi tunayoijua sote kwa harufu ya yai viza: haidrojeni salfaidi. Punje iliyofikia hapo haina dawa. Ikikaangwa pamoja na nzuri, moja hiyo huweza kuharibu birika zima.

Bibi ananionesha mahali ambapo jambo hilo limeachwa litokee kwa makusudi. Ni shimo nyuma ya migomba, linalopokea maji machafu ya kuoshea. Udongo wa kilimani ni mwekundu, lakini matope ya shimoni ni meusi tii. Wekundu ule ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Humo shimoni, oksijeni imekwisha, chuma kimekutana na salfaidi, na mchanganyiko wao ni mweusi. Anachokoa kwa kijiti, povu linapanda, tunarudi nyuma wote wawili. Shimo lipo mbali na kisima, na halikuchimbwa hapo kwa bahati.

Ukipanda ukingo wa milima upande wa magharibi siku isiyo na ukungu, unaliona Ziwa Nyasa chini, limetandazwa kuelekea Malawi. Kina chake kinafika karibu mita 700, lakini samaki hawana matumizi na sehemu kubwa ya kina hicho. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vya kutosha. Kuanzia mita 250 hivi kwenda chini hakuna oksijeni, na humo imejikusanya salfaidi ileile ya shimoni. Usipa wanaoanikwa Mbamba Bay, na wavuvi wanaowafuata usiku kwa taa, wote wanaishi kwa tabaka la juu. Ziwa ni ndoo kubwa isiyo na mkono wa kuigeuza. Ya Bibi inao.

Saa nane mchana anasugua tena. Safari hii nami nasikia: kwaru, kwaru. Anamwaga punje kwenye beseni, anaosha kwa maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zinazoelea anazikwangua kwa kiganja na kuziweka kando. Zilizozama ndizo nzito, zilizojaa. Maji ya mwisho yakitoka yanang'aa, anabeba beseni kwenda kwenye vichanja.

Juu ya vichanja kuna kahawa za siku mbalimbali, kila moja na rangi yake, kutoka nyeupe ya maji hadi ya majani makavu. Kwa hiyo siku moja kwake ni sawa na kuona wiki mbili za kazi. Anazipitia kwa vidole, anageuza za chini zije juu, anafunika jua linapokuwa kali ili maganda ya ndani yasipasuke, na jioni anafunika tena umande usiingie. Unyevu unatakiwa ushuke hadi chini kidogo ya asilimia 12. Yeye huchukua punje moja, huiondoa ganda na kuing'ata. Ikibonyea, bado, ikikataa jino, tayari. Wakati wote huo macho hayaachi kuchagua: iliyopasuka, iliyotobolewa na mdudu, nyeusi. Moja anainusa, ananyamaza kidogo, kisha anaitupa mbali na kichanja.

Kando ya vichanja imesimama mibuni. Bibi anakumbuka enzi majani yake yalipogeuka ya buluu kwa mrututu, dawa ya kuzuia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mrututu ni shaba, salfa na oksijeni zilizoshikamana, na katika pipa uling'aa kama kito. Lakini haukupulizwa hivihivi. Ulichanganywa kwanza na chokaa, kwa sababu mrututu mtupu huunguza jani lenyewe unalotaka kuliponya. "Chokaa ikipungua, mbuni unalia," anasema.

Kahawa nyingi iliyokauka itakwenda kuuzwa ikiwa na maganda hayo ya ndani. Kiasi kidogo anabaki nacho, na jioni ananikaribisha jikoni. Anatwanga maganda kwenye kinu kwa mapigo mepesi, ya kuvua, si ya kuvunja. Anapepeta kwenye ungo, anachagua tena. Kisha anainjika chungu kikavu juu ya mafiga, anakiacha kipate moto sawasawa, na kumimina punje zisizozidi konzi mbili. "Nyingi haziivi pamoja," ananieleza.

Mwiko unaanza kuzunguka na hautasimama. Punje za kijani kibichi zinageuka manjano, na jiko linanukia majani makavu. Baadaye linanukia mkate. Bibi anavuta kuni moja nyuma. Ngozi nyembamba zinabanduka na kuruka kama makapi. Rangi inakuwa ya hudhurungi, mvuke unapanda, na ghafla punje ya kwanza inalia, pa! Nyingine inaijibu, kisha nyingi kwa pamoja, kama bisi zilizofunikwa.

Hapo ndipo harufu inapobadilika, na hapo ndipo salfa inaporudi. Katika kila punje kuna sisteini, amino asidi yenye salfa. Katika joto la karibu nyuzi 200 inakutana na sukari, katika familia ya mimenyuko iliyoelezwa na Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Katika miaka ya 1920 wanakemia wawili huko Zürich, Hermann Staudinger na Tadeus Reichstein, waliichambua harufu ya kahawa na kukuta humo furufurilithioli. Molekuli yake ina atomu 13, na moja tu kati yake ni salfa. Lakini hiyo moja ndiyo inayobeba harufu ya kahawa iliyokaangwa.

Pua ya binadamu huitambua ikiwa kwenye maji kwa kiasi cha kama gramu moja katika lita milioni 100. Nilipiga hesabu kwa Ziwa Nyasa, lenye maji yapatayo kilomita za ujazo 8,000. Tani 80 hivi, mzigo wa malori matatu makubwa, zingetosha kulifanya ziwa zima linukie kahawa. Lakini kitu hichohicho kikiwa kingi hakinukii, kinanuka, na harufu yake inakaribia ile ya shimo nyuma ya migomba.

Bibi hajasubiri hesabu zangu. Milio imeanza kupungua, na kabla haijaisha ameshaepua chungu. Anamimina punje kwenye ungo na kuzirusha hewani, juu, chini, juu, kwa sababu ndani yake moto bado unaendelea na kazi. Angengoja kidogo tu, moshi ungefunika yote mengine. Punje zinatua zikiwa na rangi moja, hakuna iliyobaki nyuma, hakuna iliyotangulia.

Anachukua za vikombe viwili tu na kuzitwanga. Nyingine anazifunika. Nauliza kwa nini asitwange zote, akaweka kwenye chupa ya chai tukanywa hadi usiku. Ananitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asivue nguo kwenye mvua. Kemia inamuunga mkono: punje ikivunjwa harufu inatoroka, na ndani ya kinywaji chenyewe vitu vya rangi ya kahawia vinaikamata salfa ile na kuifunga isifike puani. Ndiyo maana kahawa ya kwenye chupa hubaki na uchungu wake, na moto wake, lakini haikuiti tena kutoka chumba cha pili.

Anachemsha, anaacha unga utue, anamimina taratibu. Nami nimeshika kikombe, ninamweleza habari ya atomu 13 na malori matatu. Anasikiliza kwa heshima, mikono magotini, ile mikono iliyoshinda ikisikiliza ndoo. Kisha anatazama mvuke unaopungua juu ya kikombe changu.

"Kunywa, mwanangu. Inaondoka hiyo."