Uhakiki wa Vibonzo vya Kampeni Wakati wa Vita: Marekani, 1864

Kibonzo ni mchoro unaopitisha ujumbe kwa ufupi kupitia chuku, ishara na kejeli. Baadhi yetu hukipuuza tukidhani ni kichekesho tu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kibonzo huhakikiwa kwa zana zile zile za kuhakiki shairi au tamthilia. Aidha, mhakiki hapaswi kukomea kutaja tamathali. Sharti aulize pia: ni nani ameachwa nje ya mchoro?

Tuanze na muktadha. Mwaka 1864 Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilikuwa katika mwaka wa nne, na watu wengi wa Kaskazini walikuwa wamechoshwa na vifo. Tarehe 23 Agosti, Rais Abraham Lincoln aliandika waraka wa siri akikiri kwamba huenda asichaguliwe tena. Siku chache baadaye chama cha Democratic kilikutana Chicago, kikamteua Jenerali George McClellan kuwania urais. Ilani ya chama hicho ilitaka vita visitishwe ili pande mbili zizungumze.

Thomas Nast, kijana wa miaka 23, alichora kibonzo katika gazeti la Harper's Weekly, toleo la tarehe 3 Septemba. Kichwa chake chazungumzia mapatano na Kusini. Mwanajeshi wa Kusini, mkakamavu, amekanyaga kaburi huku akimpa mkono askari wa Kaskazini aliyekatwa mguu, anayeegemea gongo na kuinamisha kichwa. Kando ya kaburi mwanamke analia. Nyuma yao ipo familia ya watu weusi iliyofungwa minyororo.

Mbinu zilizotumika ni bayana. Mwanamke huyo ni tashihisi: ni Columbia, yaani nchi yenyewe iliyopewa umbo la binadamu. Kupeana mikono, ambako kwa kawaida huashiria amani, hapa kwaashiria kusalimu amri. Hicho ni kinaya. Maandishi ya kaburini yasema mashujaa waliolala humo walikufa katika vita visivyo na faida. Hayo ni madai ya wapinzani, na Nast anayachonga kaburini ili yawasute wenyewe.

La kustaajabisha ni kwamba hakuna mgombeaji hata mmoja aliyechorwa. Mpiga kura haulizwi kama anampenda Lincoln, bali nani atakayelipa gharama ya amani hiyo. Jibu limo nyuma ya mchoro, katika minyororo.

Linganisha na kibonzo cha kampuni ya Currier & Ives ya New York cha mwaka huo huo. Lincoln na Jefferson Davis, kiongozi wa Kusini, wanavuta ramani ya nchi hadi inararuka, naye McClellan amesimama kati akiwazuia. Mchoro huu unachekesha na unaeleweka upesi. Hata hivyo, mtumwa hayumo. Vita vilivyotokana na utumwa vimegeuzwa ugomvi wa watu wawili juu ya karatasi. Kimya hicho nacho ni maudhui.

Hata hivyo, tusimmezee Nast mzimamzima. Katika barua yake ya tarehe 8 Septemba, McClellan alikataa amani isiyorejesha umoja wa nchi, ingawa hakudai utumwa ukomeshwe. Chuku ya Nast iliwatia wapinzani wote kapu moja, na wafuasi wa Lincoln wakaitumia kama bango la kampeni. Wala tusidai kwamba kibonzo ndicho kilichompa Lincoln kura 212 za wajumbe dhidi ya 21. Mji wa Atlanta ulitekwa tarehe 2 Septemba, na habari hizo zilibadilisha mkondo wa kampeni.

Kwa mtahiniwa, funzo ni hili: taja mbinu, eleza inavyofanya kazi, kisha pima ukweli wake. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Currier & Ives waliwachora tembo pekee. Nast alizichora nyasi pia, akaonyesha kwamba huweza kuumia hata tembo wanapopatana.