Nafsi ya Kijana katika Fasihi ya Vita vya Kagera: Mtazamo kutoka Ihembe

Uhakiki wa fasihi ya Vita vya Kagera umejikita zaidi katika taifa na adui yake kuliko katika nafsi ya mtu mmoja. Mwelekeo huo unaanzia kwenye anwani za maandishi yenyewe. Kuzama kwa Idi Amin (1980) cha Baldwin Mzirai na Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada (1981) wa Henry Muhanika vinataja mwisho wa vita kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Msomaji anaingia akijua kwamba adui atashindwa. Kijana wa Ihembe, wilayani Karagwe, mwishoni mwa Oktoba 1978, hakuwa na ujuzi huo. Hofu yake ilitokana na kutojua.

Eneo lililotwaliwa na majeshi ya Amin lilikuwa kaskazini mwa Mto Kagera. Ihembe ipo kusini mwa mto huo, nje ya uvamizi lakini ndani ya mkoa uliovamiwa. Kwa mtu aliyeishi mahali kama hapo, vita vilikuwa kwanza habari, na hofu ilikuwa ya jambo linaloweza kufika wakati wowote. Swali la kihakiki ni hili: kijana wa namna hiyo alipewa maneno gani ya kujengea ujasiri?

Jibu la kwanza linapatikana katika hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, iliyotamka kuwa Watanzania walikuwa na uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui. Nguvu ya kauli hiyo imo katika sarufi yake. Vitenzi vyake, "tunao" na "tunayo", havitoi ahadi ya kesho. Vinathibitisha kilichokwisha kuwapo. Hata hivyo, nafsi inayosema ni "sisi". Kijana aliyebaki kijijini alikuwa na sababu, na huenda nia. Uwezo wa kumpiga adui hakuwa nao akiwa peke yake. Wito wa mgambo ulimpa mwenye umri wa kutosha njia ya kuunganisha nia yake na uwezo wa wengi. Aliyekuwa mdogo zaidi aliachiwa kusubiri.

Jibu la pili ni la kale zaidi. Fasihi simulizi ya ukanda huo, ambayo M. M. Mulokozi ameitafiti kupitia tendi za enanga, inajumuisha pia majigambo ya kishujaa, ambayo Wahaya huyaita ebyebugo. Humo nafsi ni "mimi". Mtambaji hujisifu hadharani, na hadhara inakuwa shahidi wake. Majigambo, kwa hiyo, hayathibitishi kwamba msemaji haogopi. Ni deni analojitwisha mbele ya watu, na aibu ya kutolilipa inaweza kuwa nzito kuliko hofu yenyewe. Hapa kujiamini hakutangulii tendo wala hakungoji hofu iishe. Kunaanza kwa kutamka.

Udhaifu wa jibu hili nao hauna budi kuelezwa. Kwa desturi majigambo ni ya wanaume, na yanamtambua mtu kwa silaha na ushindi. Msichana aliyebeba mdogo wake usiku kwa hofu ya mabomu hana mstari wake humo, kama asivyokuwa na nafsi yake katika "tunao".

Pengo hilo lina uzito wa kitaaluma na wa kibinadamu. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1978 sasa amevuka 60. Masimulizi yake yasipokusanywa, kumbukumbu ya vita itabaki na sauti mbili tu, ya taifa na ya shujaa. Fasihi itakuwa imehifadhi namna hofu ilivyoshindwa bila kuhifadhi namna ilivyoishiwa siku kwa siku, na vijana wa leo watarithi ujasiri usiokuwa na chimbuko.