Sauti ya Raia Katika Habari za Vita: Tahakiki ya Sinema ya London Can Take It!

Miongoni mwa kazi zilizoeneza sifa ya ushupavu wa raia wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, sinema fupi ya London Can Take It! ya mwaka 1940 ina cheo cha pekee. Iliongozwa na Humphrey Jennings na Harry Watt, ikatengenezwa na kikosi cha sinema cha Posta ya Uingereza, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Wizara ya Habari. Msimulizi ni Quentin Reynolds, mwandishi wa magazeti wa Marekani. Ilikusudiwa hasa kwa Wamarekani, ambao nchi yao ilikuwa haijaingia vitani.

Ufundi wake haukanushiki. Usiku mmoja wa mabomu waelezwa kwa dakika kumi hivi: watu waenda kujificha, mizinga yanguruma, moto wawaka, na kunapopambazuka wafanyakazi wapita penye vifusi kwenda kazini. Lakini swali la mhakiki si kama nyumba zilibomoka, bali ni nani asemaye habari za moyo wa aliyebomolewa. Hakuna raia apewaye nafasi ya kujieleza mwenyewe. Reynolds awasemea wote, naye ajitambulisha kama shahidi asiye na upande, hali kazi yenyewe ni ya serikali iliyo vitani. Mtazamaji aona uso uliotulia. Sauti ndiyo imwambiayo kwamba utulivu huo ni ujasiri. Uso huohuo waweza kuwa wa mtu aliyelemewa na usingizi, au achaye kupoteza ujira wa siku.

Jina nalo lataka kuchunguzwa. Mwenye kustahimili ni London, yaani mji, wala si watu. Mji una nafsi moja, haulii wala haukimbii. Watu wana nafsi nyingi. Isemwapo kwamba mji umestahimili, yule aliyeshindwa kustahimili hakuachiwa neno la kumtaja.

Na walioshindwa walikuwapo. Coventry ilipopigwa usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, wachunguzi wa Mass-Observation, chama kilichoanzishwa mwaka 1937 ili kuandika maisha ya watu wa kawaida, waliona watu wakilia, wakitetemeka, na wengine wakizimia njiani. Kiongozi wao, Tom Harrisson, alipoeleza hali ya mji huo katika redio ya BBC, wakubwa serikalini hawakupendezwa.

Hata hivyo, haifai kugeuza sifa kuwa dharau. Kabla ya vita wakuu walihofu kwamba mabomu yangewatia raia wazimu kwa wingi, na hayo hayakutokea. Sinema hii haikutunga uongo mtupu; ilitwaa kweli ya baadhi ya watu ikaifanya kweli ya wote.

Madhara yake si ya maneno tu. Mwezi Septemba 1940, katika mtaa wa Canning Town, mashariki ya London, watu waliokwisha kupoteza nyumba zao waliwekwa katika shule wakingoja mabasi ya kuwahamisha. Mabasi yalichelewa, na tarehe 10 bomu likaiangukia shule hiyo, likaua makumi yao. Watu hao hawakuhitaji kusifiwa kwa uvumilivu, walihitaji mabasi. Habari isemayo kwamba raia wastahimili yote yampunguzia mtawala haja ya kuuliza wamepungukiwa na nini. Kwa hiyo, kila isomwapo habari ya namna hiyo, yapasa kutafutwa kwanza maneno ya raia wenyewe. Na yasipopatikana, sifa hiyo ihesabiwe kuwa ni rai ya msimulizi, wala si ushahidi.