"Isiyo Rasmi": Neno na Biashara ya Ufukweni mwa Nyasa

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, ni chache zilizofanya kazi nyingi na kuulizwa maswali machache kama "sekta isiyo rasmi". Asili yake yajulikana. Mwaka 1971 Keith Hart, aliyechunguza maisha ya watu wa Accra nchini Ghana, alisoma makala katika Chuo Kikuu cha Sussex juu ya mapato yasiyotokana na ajira ya mshahara. Mwaka uliofuata Shirika la Kazi Duniani liliitumia fikra hiyo katika taarifa yake juu ya Kenya, na neno likaenea. Wafasiri walilipokea kama lilivyokuja, pamoja na ukanushi wake.

Ukanushi huo ndio wa kuchunguzwa. Mchuuzi, dalali, mlanguzi, genge, gulio: maneno hayo yote hutaja jambo lililopo, na kitenzi chuuza kimo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. "Isiyo rasmi" hutaja lisilokuwapo. Tena rasmi ni neno la Kiarabu, la shina moja na rasimu, na maana ya asili ya shina hilo ni kuchora. Biashara isiyo rasmi, basi, ni ile isiyochorwa. Hapana shaka kwamba haikuchorwa ofisini. Kwamba haikuchorwa na wenyewe pia ni dai jingine, nalo halijathibitishwa.

Swali hili limezidi uzito tangu kuja kwa madhehebu mapya ya usanifu, yanayotaka chombo au huduma yo yote isanifiwe kwa kuanzia kwa mtu atakayeitumia. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni juu ya jambo hilo mwaka 1999, kwa ajili ya mitambo ya kompyuta. Mwaka 2009 kampuni ya IDEO ya Marekani ilitoa mwongozo kwa wafanyao kazi miongoni mwa watu wa kipato kidogo, na hatua yake ya kwanza ni kusikiliza. Shauri ni jema. Lakini asikilizaye husikia kwa kadiri ya maneno aliyoulizia, na katika kazi za namna hii lugha huachiwa mkalimani, kana kwamba si sehemu ya usanifu wenyewe.

Na uchukuliwe mfano wa Mwaya, katika Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mahali palipokuwa bandari zama za Wadachi na za Waingereza. Wenyeji wengi ni Wanyakyusa, ambao lugha yao ni karibu moja na ile ya Wangonde wa upande wa Malawi; Kiswahili huja na mnunuzi wa kutoka Mbeya au Dar es Salaam. Mchele, kakao, usipa na vyungu vya Wakisi hupita mikononi mwa watu wasio na duka. Mwanamke auzaye mchele huko akiulizwa, kwa lugha ya dodoso, kama amewahi kupata mkopo, aweza kujibu la, na akawa amesema kweli, ingawa mchele alio nao ameuchukua kwa mali kauli: amepewa mzigo bila kulipa, auze kwanza, kisha arudishe fedha ya mwenyewe na kubaki na faida. Mkopo kwake ni fedha, fomu na dhamana. Mali kauli hutaja mali, na kinachoishika ni kauli, yaani neno la mtu mbele ya watu wanaomjua. Dodoso litaandika kwamba hana mkopo. Msanifu naye ataketi kumbunia kile ambacho tayari anacho kwa jina jingine, na pengine kwa masharti mabaya zaidi.

Vipimo navyo vyataka uangalifu. Debe lililosawazishwa mdomoni na debe lenye kilima ni bei mbili, ingawa jina ni moja. Lumbesa, gunia lililoongezewa shehena juu ya mdomo wake, limekatazwa na Sheria ya Vipimo, na kwa haki, kwa kuwa aumiaye ni mkulima. Isidhaniwe basi kwamba kila kilichobuniwa na soko ni chema. Chungu cha Wakisi ni habari nyingine. Wanawake wa Ikombe hukifinyanga bila gurudumu, nacho husafirishwa kwa mtumbwi hadi gulioni. Kisichostahimili safari hakifiki, na kisichokaa vema juu ya mafiga hakinunuliwi. Mtumiaji amezingatiwa hapo bila mwongozo wo wote.

Yuko shahidi mkubwa zaidi. Mwaka 2005 M-Pesa ilijaribiwa nchini Kenya kwa lengo la kuwawezesha wakopaji kulipa madeni yao kwa simu. Wateja walifanya mengine: walitumiana fedha, na wengine waliziweka kabla ya safari wakazitoa mwisho wa safari, wasiibiwe njiani. Huduma ilipofunguliwa mwaka 2007 ilikuwa ya kutuma fedha, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Habari hiyo husimuliwa kuwa ushindi wa usanifu. Ingefaa isimuliwe pia kuwa kushindwa kwa neno la kwanza, maana watu waliandaliwa mkopo, wakajibu kwa vitendo juu ya kutuma.

Serikali nayo ilikumbana na tatizo la jina. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho 670,000 kwa wafanyabiashara ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Viliitwa vya wajasiriamali wadogo. Watu waliviita vya wamachinga. La kwanza ni neno la kuungwa, ujasiri na mali, lenye harufu ya semina. La pili ni jina la watu wa Lindi, na wale walitoao katika Kiingereza wameibuni asili hiyo baadaye. Mchuuzi, neno kongwe lisilomdharau mtu wala kumsifu mno, halikutumiwa.

Na hayo ni ya Kiswahili tu. Yale ambayo wanawake wa Mwaya husemezana kwa Kinyakyusa juu ya deni, ahadi na aibu ya kuvunja ahadi, hayapatikani kwa kutafsiri dodoso la Kiswahili. Atakayeyataka hana budi kuketi gulioni muda mrefu kabla ya kuandika swali lake la kwanza.