Mizani ya Jambiani: kazi na mapumziko ya mtafiti kijana wa mwani

Ukiuliza mtafiti wa maabara huingia kazini saa ngapi, mwenye ofisi atakuonyesha saa ya ukutani. Kwa kijana anayetafiti mwani Jambiani, swali la kwanza ni leo mwezi ngapi. Bahari ya pwani ya mashariki ya Unguja hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, na mchanga ukabaki wazi kwa mwendo mrefu kuelekea kwenye mwamba. Hizo ndizo siku za kufunga miche, kukagua na kupima. Baadaye huja maji mafu, shamba likabaki chini ya maji na mizani ikabaki ndani ya boksi. Mwezi mmoja, basi, una vipindi viwili vya kazi ya kukimbizana na maji na vipindi viwili vya kungoja. Hoja yangu ni moja. Anachokifanya kijana huyu katika saa za kungoja, yale tunayoyaita mambo ya kupendelea, kama kuogelea, kusokota kamba, kupika na kuvua pweza, kinaingia katika takwimu zake. Anayepanga utafiti bila kulihesabu hilo anapanga nusu ya utafiti.

Ushahidi uanze na historia ya zao lenyewe. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiutafiti mwani tangu miaka ya 1970, lakini kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Aina zilizoshika ni mbili. Spinosum ni mvumilivu na bei yake ni ndogo. Cottonii ina bei nzuri zaidi kwa sababu karajinani yake, dutu ya kugandisha iliyomo kwenye mwani, huganda imara, nayo hutafutwa na viwanda vya vyakula na vipodozi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 cottonii imekuwa ikifa katika mashamba ya maji mafupi. Maji yanapopata joto kupita kiasi, matawi hupauka, hulainika na kukatika. Mkulima anaona hasara papo hapo. Mtafiti ana kazi ya pili: kueleza mche ulikuwa ukikua kwa kasi gani kabla ya kupauka, na kasi hiyo ilianza kushuka lini. Jibu halionekani kwa macho, linatoka kwenye mizani.

Tuitazame mizani hiyo kwa karibu. Mche wa gramu 100 hufungwa kwa tai-tai, yaani kikamba chembamba, kwenye kamba iliyovutwa kati ya vijiti viwili. Baada ya siku 42, tuseme umefika kilo 1. Ukigawa uzito wa mwisho kwa uzito wa mwanzo, ukachukua logi asilia ya jibu na kuigawa kwa idadi ya siku, unapata ukuaji wa takriban asilimia 5.5 kwa siku. Sasa chukulia kwamba siku ya mwisho aliyepima hakuukung'uta mche vizuri, na maji yaliyojificha kwenye matawi yakaongeza sehemu moja ya kumi ya uzito. Jibu linakuwa asilimia 5.7. Kwa siku 42 kosa hilo halitishi. Lakini mtafiti anayefuatilia joto hawezi kungoja siku 42, kwani mche unaweza kupauka katikati. Hupima kila bamvua, yaani kila baada ya siku 14 au 15. Katika siku 14, maji yaleyale yanapandisha jibu kutoka asilimia 5.5 hadi karibu 6.2. Akipima kila wiki, kosa linapita asilimia 1.3 kwa siku, nalo linatosha kuufanya mche unaoumwa uonekane mzima. Na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka: kama maji yaliyobaki ni sehemu ileile siku ya kwanza na siku ya mwisho, kosa linajifuta lenyewe, kwa sababu kinachohesabiwa ni uwiano. Takwimu huharibiwa na mkono unaokung'uta mara tatu leo na mara moja keshokutwa, kwa kuwa jua limekuwa kali au maji yameanza kupanda. Mizani ya bei kubwa haitibu hilo. Dawa yake ni mkono uliozoea.

Mkono huo unazoea wapi? Mafunzo ya maabara huchukua saa chache, na hufanyika kwenye meza kavu. Jambiani kazi hufanyika maji yakiwa magotini, upepo wa kusi ukivuma, kamba imelowa na muda unakwisha. Ndiyo maana naitazama sana kazi ya kamba. Katika vijiji vya pwani hii wanawake wamezika makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani kwa vizazi vingi, wakayafukua baada ya miezi kadhaa, wakayaponda na kusokota usumba. Anayejifunza kusokota, hata kwa kujifurahisha jioni, anafunza vidole vyake kitu ambacho hakimo katika mwongozo wowote wa utafiti: kufunga kwa mkazo uleule mara mia. Tai-tai iliyobanwa mno hukata shina. Iliyolegea huacha mche uchukuliwe na maji. Mche uliochukuliwa na maji huingia kwenye daftari kama mche uliokufa, usipokuwa na mtu wa kutambua kwamba fundo ndilo lililofunguka. Hapo ujuzi wa mapumziko umeamua iwapo mstari mmoja wa takwimu ni ugonjwa au ni uzembe wa kufunga.

Mfano wenye uzito zaidi ni kuogelea. Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, ni miongoni mwa waliosema cottonii ipelekwe kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi kwa ghafla, na ikuzwe ndani ya nyavu za mrija badala ya kufungwa mche mmoja mmoja. Kisayansi wazo hilo ni jepesi kueleweka. Kiutendaji linagonga ukuta mara moja: asilimia kubwa ya wakulima wa mwani Zanzibar ni wanawake, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea. Shamba la maji mafupi hufikiwa kwa miguu. Shamba la kina hutaka chombo, na hutaka mtu asiyeogopa kushuka kutoka kwenye chombo hicho. Ukulima wa sponji ulioanzishwa hapohapo Jambiani na shirika la Uswisi la Marine Cultures ulikutana na hali hiyohiyo, kwa kuwa sponji huning'inizwa mahali pasipokauka na husafishwa na mtu aliyevaa miwani ya kuzamia. Nungwi, kaskazini ya kisiwa, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima. Jambo lililoonekana kuwa mchezo wa watoto baharini likageuka kuwa sharti la teknolojia. Mtafiti kijana asiyeogelea atapima pale tu anapoweza kusimama, na data zake zote zitatoka kwenye ukanda uleule wa maji ya moto ambao tayari tunajua cottonii inafia humo.

Jikoni pia pana maabara. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kongano la mwani Zanzibar, ambao Dk. Msuya alikuwa kiongozi wake, ili mkulima asibaki muuzaji wa mwani mkavu peke yake. Sabuni ikawa mojawapo ya bidhaa za mwanzo: mafuta ya nazi, kostiki soda, unga wa mwani, na harufu ya karafuu, mdalasini au mchaichai. Anayependa kupika atasema hiyo ni kazi ya kuonja na kukisia. La hasha. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda ili yote igeuke sabuni. Ikizidi, sabuni itachoma ngozi, na ikipungua itabaki na mafuta. Kisha hungojwa kwa wiki kadhaa ikauke na ipoe ukali. Mtu aliyezoea kupima unga, kuangalia moto na kungoja bila kufunua sufuria kila dakika ameshapata nusu ya nidhamu hiyo. Nusu ya pili, kuandika kila kipimo, ndiyo maabara inayomwongezea. Hapo ndipo upishi na kemia vinapokutana, na kila kimoja kina cha kumfundisha mwenzake.

Pingamizi la kwanza ni la wenye maabara. Watasema sayansi ya kweli ya mwani leo iko kwenye vinasaba, kwenye kupima nguvu ya karajinani na kwenye kutambua vimelea, na mambo hayo hayamtaki mtu ajue kusokota kamba. Ni kweli kwamba bila vyombo hivyo tungebaki kukisia chanzo cha ugonjwa. Lakini sampuli hufika maabara ikiwa imeshaishi maisha yake. Imekatwa na mtu, imefungwa na mtu, ikavuka kisiwa kutoka Jambiani ikiwa kwenye barafu au ikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lililoanikwa juani. Mwani uliopikika njiani utatoa vinasaba vilivyovunjika na vimelea vilivyozaliana baada ya kuvunwa, na mashine itaviripoti kwa uaminifu mkubwa. Mashine haijui kuuliza sampuli ilikuwa wapi saa sita mchana. Anayejua ni yule aliyewahi kubeba samaki kutoka pwani hadi nyumbani bila kumharibu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: ujuzi huu wote tayari wanao wakulima, kwa hiyo mtafiti asijitie kusokota na kuvua, awaulize wenyewe na awalipe. Nakubaliana na nusu yake kwa moyo mweupe. Tafiti nyingi za pwani zimejengwa juu ya maarifa ya kina mama ambao majina yao hayaonekani popote isipokuwa kwenye mstari mmoja wa shukrani, na huo si uungwana. Hata hivyo, kuuliza nako ni ujuzi. Mkulima akisema maji ya juzi yalikuwa mazito, au upepo umegeuka kabla ya wakati wake, mtafiti asiyewahi kuingia baharini ila siku ya kupima atatikisa kichwa na kuandika joto la maji tu. Aliyekwenda kutafuta pweza na watu walewale siku ambayo hakuwa na daftari ataelewa kwamba ameambiwa habari ya tope, ya mkondo au ya msimu, na ataongeza kipimo kinachofaa. Mapumziko ya namna hiyo hayachukui nafasi ya mkulima, yanamfanya mtafiti asikie anachoambiwa.

Lipo na la tatu, ambalo haifai kulipuuza. Kijana anahitaji kupumzika kweli. Ukimwambia kwamba hata kuogelea kwake ni sehemu ya utafiti, umemnyang'anya mahali pake pa mwisho, na msimamizi mwerevu atalitumia neno hilo kumdai saa zisizo na malipo. Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu hoja yangu haisemi mapumziko yapewe malengo na ripoti. Anayecheza bao kibarazani baada ya alasiri hana haja ya kuthibitisha kwamba bao linamfundisha hesabu. Ninachodai ni kwa upande wa wapangaji. Ratiba ya utafiti wa pwani ifuate bamvua waziwazi: siku za maji kupwa ziwe za kazi ndefu, na baadhi ya siku za maji mafu ziwe za mapumziko halali, zisizojazwa mikutano kwa sababu tu kalenda ya ofisi inasema ni Jumatano. Masomo ya kuogelea yaingie kwenye bajeti, kama glavu na barafu zinavyoingia. Na katika kuchagua wasaidizi wa utafiti, swali la mtu hufanya nini asipokuwa kazini liulizwe kwa nia ya kujua mikono yake imezoea nini.

Turudi kwenye mche wa gramu 100. Cheti cha mpimaji ni kilekile, mizani ni ileile, na kanuni ya hesabu haibadiliki. Kinachobaki ni mkono uliolowa, saa nne na nusu asubuhi, maji yakianza kurudi na miche arobaini bado haijapimwa. Mmoja ataharakisha, akung'ute mara moja na kuandika. Mwingine, ambaye bahari ameizoea kiasi cha kujua bado ana nusu saa kabla maji hayajafika kiunoni, atakung'uta mara tatu, kama alivyofanya bamvua iliyopita, ndipo aandike. Miezi kadhaa baadaye, mtu aliyekaa mbali sana na Jambiani atasoma takwimu za hao wawili na kuamua iwapo cottonii ya huko inakua au inakufa. Hatajua kwamba katika daftari moja anasoma habari za mwani, na katika lile jingine anasoma habari za maji ya chumvi.