Safari, Sikio na Hekima katika Kusadikika

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu dhamira ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka wa 1951, aghalabu hujibu: dhuluma, uongozi mbaya, ukosefu wa haki. Majibu haya ni sahihi, lakini yanaacha hoja moja muhimu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba riwaya hii inahusu pia namna hekima inavyopatikana, yaani kwa kukubali kuyaona na kuyasikia mageni.

Tuanze na muundo. Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa mbinu rejeshi, akisimulia visa vya wajumbe sita: Buruhani aliyetumwa Mashariki, Fadhili Kaskazini, Kabuli Kusini, Auni Magharibi, Ridhaa Mbinguni na Amini Ardhini. Wajumbe hawa walipata taabu safarini, wakajifunza mambo yasiyojulikana kwao, wakarudi ili kuifaa nchi yao. Malipo yao yakawa kifungo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kusadikika iliipindua methali hii. Mwana wa nchi alirudi na dawa, akatiwa ndani kwa kuileta.

Kwa nini watawala waiogope dawa? Jina la Majivuno, ambalo ni mfano mzuri wa majazi, linatoa jawabu. Kujifunza huanza kwa kukiri kwamba lipo usilolijua, na mwenye majivuno hakiri.

Jambo linalowapita wengi ni hili: Karama hajitetei kwa safari zake mwenyewe bali kwa safari za wenzake. Alizisikiliza, akazihifadhi, akazipima. Mfalme na baraza nao hawatoki vitini, lakini kisa baada ya kisa kinawasogeza, hata mwishoni Karama anaachiliwa na wajumbe wanafunguliwa. Kumbe sikio nalo husafiri.

Hata hivyo, riwaya hii ina udhaifu. Wajumbe wanaondoka wakiwa wema na kurudi wakiwa wema vilevile. Hatuoni mjumbe akikosea, akitahayari na kuuacha msimamo wake wa jana. Hekima yao ni kama shehena iliyopakiwa ugenini ikateremshwa nyumbani, ilhali mambo mapya humbadilisha kwanza yule anayeyapitia. Mabadiliko ya namna hiyo tunayaona zaidi barazani kuliko njiani.

Nami nina la kukiri. Kwa miaka kadhaa niliwasomea wanafunzi muhtasari wa visa hivi, wakaunukuu: jina la mjumbe na upande alikotumwa, basi. Siku moja msichana wa kidato cha tatu akaniuliza, "Mwalimu, tukibadilisha, Auni aende Kusini na Kabuli Magharibi, hadithi itaharibika?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kitabuni usiku ule, na darasa lililofuata tulisoma riwaya yenyewe kwa sauti. Muhtasari ulikuwa umetufungia mlango sote, mwalimu wa kwanza.

Mtahiniwa atakayejibu vyema ni yule aliyesafiri na wajumbe ukurasa kwa ukurasa, si aliyekariri majina yao.

Swali la marudio: "Hekima ya Karama imetoka masikioni, si miguuni." Jadili kwa kurejelea riwaya ya Kusadikika. (alama 20)